Mtihani wa Watoto na Kisomo cha Wazazi

Leo tutazungumza juu ya Mafia, wilaya ndogo ya visiwa, mkabala wa mahali Mto Rufiji unapoingia baharini. Watu wake wengi ni wavuvi na wakulima wa minazi.

Watoto wa wilaya ya shamba wakianguka mtihani, twasema upesi, "Walimu wavivu." Je, ndivyo? Tutazame historia.

Mwaka 1967, katika kila watu wazima kumi wa Tanzania Bara, karibu saba hawakujua kusoma. Mwaka 1971 Mafia ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kuanza kufuta ujinga huo. Halafu, mwaka 1977, serikali ikataka kila mtoto apate nafasi ya shule. Madarasa yakajaa, walimu wakawa haba. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundisha huku wao wenyewe wakijifunza ualimu.

Sasa fikiri. Mtoto mmoja amebanana darasani, na kwao hakuna awezaye kusoma daftari lake. Mwingine ana mama aulizaye kila jioni, "Leo mmesoma nini?" kisha akalifungua daftari. Mtihani wao ni mmoja, lakini safari zao si moja.

Basi wewe uliyeketi hapa hujisomei peke yako. Jioni ya leo mwombe mwanao daftari lake. Soma mstari mmoja kwa sauti. Ukikwama, akusaidie, si aibu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.