Picha za Makka na Madina katika Sebule Zetu

Mhariri wa kitabu chetu hiki amenitaka niandike machache juu ya picha za kale za rangi zinazotundikwa katika nyumba zetu hapa Uingereza. Nimekubali kwa furaha, maana picha hizo huishia jaani kila mzee anapofariki na vyombo vyake kugawiwa. Vijana huziona karatasi kuukuu tu, kumbe ni shahidi.

Picha ninazozisema ni za chapa ya jiwe, yaani lithografia. Ufundi huu ulivumbuliwa na Alois Senefelder huko Bavaria, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 18. Msingi wake ni jambo analolijua kila mpishi: mafuta na maji havichanganyiki. Fundi huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kisha hulilowesha maji. Wino wa mafuta ukipitishwa hushika penye mchoro tu. Karatasi ikigandamizwa juu yake hutoka na picha. Ikitakiwa picha ya rangi, kila rangi huwa na jiwe lake, na karatasi ile ile hupitishwa kwenye mawe yote, moja baada ya jingine. Godefroy Engelmann alipewa hati ya uvumbuzi huo wa rangi nchini Ufaransa mwaka 1837. Imesadifu kwamba mwaka huo huo kuba la Msikiti wa Mtume, Madina, lilipakwa rangi ya kijani.

Kwa ufundi huu picha moja iliweza kutolewa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Ulipendwa pia na wachapaji wa misahafu, kwa sababu jiwe hutoa mwandiko wa khatati kama alivyouandika kwa mkono wake. Misahafu ya namna hiyo ilifika pwani yetu kutoka Bombay. Njia nazo zilikuwa zimefunguka: mfereji wa Suez mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za British India zikaanza safari za Aden na Unguja. Kwa meli walikwenda mahujaji, na kwa meli walirudi na tende, maji ya Zamzam na picha.

Mimi ninazo mbili alizorudi nazo marehemu babu yangu, moja ya Makka na moja ya Madina. Itazameni vizuri ile ya Makka. Utaona minara saba ya Msikiti Mtukufu, nguzo za Kituruki zikizunguka uwanja, jengo la kisima cha Zamzam, na mabanda waliposimama maimamu wa madhehebu manne. Mabanda yale na jengo lile viliondolewa katika karne ya 20, msikiti ulipopanuliwa, na minara sasa imezidi saba. Kijana wetu aendaye umra leo haoni alichokiona babu yake. Picha hii ndiyo inayomwonyesha.

Kuitambua chapa ya jiwe si kazi ngumu. Chukua kioo cha kukuzia. Chapa ya jiwe ina chembe zisizo na mpango, kama mchanga, na pengine rangi moja imetoka kidogo nje ya mstari wake. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni nakala ya siku za karibuni.

Katika kutundika, msizipange picha hizi kando ya dirisha la jua wala juu ya kipasha joto. Jua hula rangi, na joto hukausha karatasi ikavunjika. Kuta za nje za nyumba za huku hushika unyevu, basi bora ukuta wa ndani. Picha isigusane na kioo cha fremu; iwekewe kati yao kadibodi isiyo na asidi. Gundi na utepe wa kunata ni haramu kabisa! Kwa uzuri, ukuta mweupe na picha mbili sambamba zinatosha. Zikijazana hakuna inayotazamwa.

Lililo kubwa zaidi ni jina. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wetu tuliondoka na vichache, na aliyebeba picha aliibeba kwa sababu. Muulizeni bibi sasa, angali hai: nani aliileta, alihiji mwaka gani, ilitundikwa nyumba ipi na mtaa gani. Andikeni kwa penseli nyuma ya fremu, si juu ya picha yenyewe. Picha bila maelezo hayo itanunuliwa sokoni na mtu yeyote. Ikiwa nayo, ni urithi wa ukoo. Wassalaam.