Jambo OpenOffice: programu ya ofisi ilipojua Kiswahili

Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wamepanga nyumba hapa Kahawa Sukari, na mara kwa mara mmoja wao huniletea laptopu kuukuu akiuliza: niweke Linux gani? Ubuntu, Debian au Mint? Sababu yake huwa moja tu, kwamba ni ya bure. Haya, bure ni tamu. Lakini historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba programu huria ina kitu kikubwa kuliko bei.

Turudi nyuma kidogo. Juni 2004, Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta Windows na Office kwa Kiswahili. Wakati huo, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na mradi wake, Kilinux, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Hawa hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Sun Microsystems ilikuwa imeachia msimbo wa OpenOffice.org mwaka 2000, na leseni yake ilimruhusu yeyote kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili.

Kazi ngumu ilikuwa maneno. "Faili" tulikuwa nalo ofisini tangu zamani. Lakini kila kitufe na kila onyo la hitilafu lilihitaji neno lake, na neno likishachaguliwa lazima libaki lilelile kila mahali, la sivyo mtumiaji atapotea. Ndiyo maana walitengeneza pia faharasa ya maneno ya kompyuta.

Je, iliishia wapi? Programu haisimami. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na tafsiri isiyofuatwa hubaki nyuma. Mwaka 2010 OpenOffice.org yenyewe ilizaa LibreOffice. Jambo sijawahi kuikuta kwenye saiba hata moja ya Thika Road. Leseni hukupa haki ya kuanza. Kuendelea ni jasho lako.

Hata hivyo kuna tofauti. Kampuni ikiamua Kiswahili hakilipi, hadithi imeisha. Kwenye programu huria, yeyote anaweza kuokota kazi pale ilipoachwa.

Usiniamini kwa maneno matupu, jaribu mwenyewe. Kwenye Debian andika:

sudo dpkg-reconfigure locales

Chagua sw_KE UTF-8, kisha:

LC_ALL=sw_KE.UTF-8 date +%A

Kompyuta itakutajia siku ya leo kwa Kiswahili. Kuna mtu aliyekaa akaandika majina hayo saba, na sasa yamo kwenye Linux za watu wasiomjua. Halafu, kwa mpangilio huohuo, tumia ls kutafuta faili ambalo halipo. Utajibiwa kwa Kiingereza. Hapo hakuna aliyefika bado.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye laptopu kuukuu, jibu langu ni hili: yoyote kati ya hizo tatu itakufaa. Ukishaiweka, chagua programu moja ndogo unayoipenda, tafsiri ujumbe kumi, uwatumie wanaoitunza. Tusipoandika sisi maneno hayo, tutaendelea kuonywa makosa yetu kwa lugha ya wengine.