Mama ni wa Nani?

Katika Runyambo, lugha yetu sisi watu wa Igurwa na Karagwe, ni vigumu kumtaja mzazi bila kusema ni wa nani. Baba yangu ni tata, lakini baba yake ni ishe. Mama yako ni nyoko; mama yake ni nyina. Mwenye mzazi yumo ndani ya neno lenyewe.

Waturuki hutia umiliki katika majina yote, nao huuweka mkiani: ev ni nyumba, evim ni nyumba yangu, evimde ni nyumbani mwangu. Kiswahili nacho kina mabaki ya desturi hiyo: mwanangu, mumewe, mkewe, nduguyo.

Nyoko ni urithi wa Kibantu cha kale. Wahaya wanalo, Wanyankore wa Uganda wanalo, na Kiswahili kinalo pia. Ila Waswahili walipozoea kusema mamako, nyoko likabaki kwa wagombanao, likawa tusi.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Hapo ndugu hawa wawili wakakutana darasani. Mtoto wa Kinyambo anayemuuliza mwenzake, kwa adabu kabisa, habari za nyoko, machoni pa mwalimu mgeni ametukana.

Mwaka 2002 Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Runyambo na Kiswahili. Mwalimu anayepangiwa kazi huku aanze na ukurasa wenye neno hilo, kabla hajashika fimbo.