Pancha, Cheni Kutoka, Breki Kutoshika: Jinsi ya Kujua Ugonjwa wa Baiskeli na Kuutibu Nyumbani

Baiskeli huwa haigomi ghafla. Mara nyingi inakuwa imeshatoa taarifa siku kadhaa kabla: imelia kidogo, imeyumba kidogo, mwenyewe akapuuza. Kisha saa 11 alfajiri madumu ya maziwa yameshafungwa kwenye keria, wateja wanasubiri, tairi iko chini. Au mbaya zaidi, mtu yuko kwenye mteremko, mtoto kampakia nyuma, anabana breki haishiki.

Habari njema ni kwamba matatizo mengi ya baiskeli yanatibika nyumbani. Vifaa ni vichache tu: spana kadhaa, koleo, bisibisi, nyundo, msasa, gundi ya viraka, pampu, beseni la maji na kitambaa kikuukuu. Pindua baiskeli, isimame kwa siti na usukani, kazi ianze.

Sikiliza kwanza, ndo ufungue

Kosa la wengi ni kushika spana kabla ya kujua tatizo liko wapi. Zungusha pedali kwa mkono na usikilize sauti inakuja kwa mpangilio gani.

- Mlio mmoja kila pedali ikizunguka mara moja: tatizo liko kwenye pedali, krenki au ekseli ya krenki.
- Mlio mmoja kila gurudumu likizunguka mara moja: angalia gurudumu, tairi au breki inayogusa.
- Mlio wa kukwaruza usiokatika, kama panya wanalia: cheni imekauka.
- Mlio unasikika mtu akikaa tu, hata asipopiga pedali: siti au nguzo yake imelegea.

1. Tairi inaisha upepo

Usikimbilie kutoa tyubu. Anza na valvu. Jaza upepo, kisha paka maji au mate kwenye mdomo wa valvu. Vikitokea vipovu, tatizo ni valvu. Baiskeli nyingi nyeusi za mizigo zina valvu yenye kijimpira chembamba ndani. Kikichanika, badilisha hicho tu.

Kama valvu ni nzima, toa tairi kwa mpini wa kijiko. Usitumie bisibisi, maana ndiyo inayotoboa tundu la pili. Jaza tyubu upepo, izamishe kwenye beseni kidogo kidogo na utafute vipovu.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wakishaona tundu wanaziba, wanarudisha, na kesho yake pancha tena palepale. Tundu lenyewe linaeleza kilichotokea:

- Tundu moja upande wa nje: mwiba, msumari au kigae cha chupa. Kitu hicho huenda bado kimo kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, kitanasa palipo na mwiba. Usipitishe vidole vitupu.
- Matundu mawili yaliyo sambamba, kama aliyeng'atwa na nyoka: upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa na ringi kwenye shimo au jiwe. Dawa ni kujaza upepo wa kutosha.
- Tundu upande wa ndani, unaoelekea ringi: ncha ya spoku imechomoza, au utepe unaofunika spoku umehama. Sawazisha ncha kwa tupa, rudisha utepe.
- Mpasuko kwenye shina la valvu: kiraka hakishiki hapo. Badilisha tyubu.

Kuziba: kausha tyubu, sugua kwa msasa mpaka iwe na ukwaruzo, paka gundi nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka. Subiri kama dakika 5 mpaka isinate ukigusa. Bandika kiraka, kandamiza kwa nguvu. Ukibandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kitabanduka njiani.

Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa aliyezoea kupima kwa kidole gumba: tairi ya kubeba mzigo haitakiwi kubonyea kirahisi. Pampu ya kituo cha mafuta inajaza kwa kasi sana, kwa hiyo jaza kidogo kidogo usije ukapasua tyubu.

2. Cheni inatoka au inaruka

Cheni inatoka hasa kwa sababu imelegea. Kwa baiskeli isiyo na gia nyingi, bonyeza cheni katikati, kati ya krenki na gurudumu la nyuma. Inatakiwa kucheza kama sentimita 1 hivi. Ikicheza sana, legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, vuta gurudumu kurudi nyuma, hakikisha limekaa katikati ya fremu, kaza nati zote mbili. Kisha zungusha pedali mzunguko mzima. Usikaze cheni kama waya wa gitaa, maana inakula meno na gololi.

Kama imekazwa na bado inaruka, pima ulaji wake. Chukua rula ya shule yenye inchi 12. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja ya cheni. Cheni mpya, pini ya 24 baada ya hiyo inaangukia kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu, cheni imeanza kuchoka, ibadilishe sasa. Ikiwa imepita kwa milimita 3, huenda imeshakula na meno ya gia, na cheni mpya peke yake itaendelea kuruka.

Kuhusu mafuta: oili chafu ya gari ina vumbi la chuma, na mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Mafuta mepesi, kama ya cherehani, yanafaa zaidi. Futa cheni kwanza, weka tone moja kila kiungo, zungusha, kisha futa yaliyobaki nje. Mafuta yanayofanya kazi ni yaliyoingia ndani. Ya nje yanakusanya mchanga tu.

3. Breki haishiki

Hili halisubiri kesho. Angalia mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, raba. Mifereji yake ikiisha au chuma kikianza kuonekana, badilisha. Pili, raba zinagusa wapi? Zinatakiwa kubana ringi. Zikigusa tairi zitaikata, zikishuka chini ya ringi zinaweza kuingia kwenye spoku. Tatu, ringi yenyewe. Tone moja la oili linatosha kuua breki. Sugua ringi kwa maji na sabuni.

Nne, waya. Ukibana breki mpaka kishikio kikagusa usukani, waya umelegea. Legeza nati inayoubana, vuta kidogo kwa koleo huku raba zimesogezwa karibu na ringi, kaza tena. Waya ukianza kuchanika nyuzi, badilisha wote. Kwa baiskeli za breki za vyuma, marekebisho yako kwenye viungo vya vile vyuma virefu: legeza, sogeza raba karibu na ringi, kaza.

Mtihani wa mwisho: bana breki ya mbele na usukume baiskeli kwenda mbele. Gurudumu lisizunguke. Rudia na ya nyuma.

4. Krenki inagonga

Baiskeli nyeusi za mizigo nyingi zina kotapini, kile kipini kinachoshika krenki kwenye ekseli. Shika krenki zote mbili kwa wakati mmoja, sukuma moja mbele na nyingine nyuma. Zikicheza, kotapini imelegea au imelika.

Wengi wanakaza nati tu. Kumbe nati kazi yake ni kuzuia pini isitoke, haiwezi kuivuta ikae. Weka gogo gumu chini ya krenki, gonga pini kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ukaze nati. Ikiendelea kucheza, nunua pini mpya. Ni kipande kidogo cha chuma, lakini ukiendelea kuendesha hivyo italika ekseli na krenki, na hizo bei yake siyo ya pini.

Kuhusu pedali: ya kulia inakazwa kama nati ya kawaida, ya kushoto ni kinyume. Aliyelazimisha bila kujua hilo ameharibu nyuzi za krenki.

5. Gurudumu linacheza

Shika ringi, itikise kulia na kushoto. Ikigonga, gololi zimelegea. Hiyo mpelekee fundi kama hujawahi kufungua.

Ikiwa haigongi ila gurudumu linapinda likizunguka, ni spoku. Gusa moja moja. Iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokaza inalia kama uzi wa gitaa. Ringi ikielemea kushoto, kaza spoku za upande wa kulia palepale, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha zungusha uangalie. Haraka hapa inazaa ringi yenye umbo la yai.

Kazi za kumwachia fundi

Pedali ikizunguka bure bila gurudumu kusukumwa, friwili imeziba au imelika. Ufa wowote kwenye fremu au uma wa mbele ni kusimamisha baiskeli siku hiyohiyo. Hata uwe mdogo kama unywele, hautibiwi kwa kufunga waya.

Dakika moja jioni

Ukaguzi mzuri unafanyika jioni, siyo asubuhi mtu akiwa amechelewa. Bonyeza tairi, bana breki zote mbili, tikisa magurudumu, gusa cheni. Hitilafu ikionekana saa 12 jioni, duka la vipuri bado liko wazi na fundi bado yupo chini ya mti wake. Ikionekana saa 11 alfajiri, maziwa ndiyo yanayoharibika.