Betri Ndani ya Saa ya Mzamiaji

Saa ya mkononi ya wapiga mbizi ilibuniwa iwe kitu kisichofunguliwa ovyo. Kwa karibu nusu karne waundaji wake walihangaika na sehemu tatu ambazo maji yangeweza kupenya: kioo, mfuniko wa nyuma, na kitufe cha ubavuni kinachojaza kamani na kurekebisha majira. Kisha ikaja betri. Saa iliyokwisha kuzibwa pande zote ikaanza kufunguliwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Saa za kamani nazo zilifunguliwa ili kusafishwa, lakini kazi hiyo ilimfikia fundi aliyefumua saa nzima na kuijenga upya. Kubadili betri kulionekana kazi ya dakika tano, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kitufe ndicho kilichosumbua kwanza. Saa ya kamani ilijazwa kila siku, hivyo kitufe kilisokotwa kila siku, na mhimili wake ulipita katika tundu kwenye ubavu wa saa. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex, chini ya Hans Wilsdorf, ilitoa saa ya Oyster, ambayo kitufe chake kilifungwa kwa hesi kama kizibo cha chupa. Wazo la kitufe hicho lilikuwa la Paul Perregaux na Georges Peret, na Wilsdorf alinunua haki zake. Oktoba 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa hiyo shingoni. Baridi ilimshinda na hakufika ng’ambo, ila saa ilitoka majini ikiwa inaenda, na mwezi uliofuata Wilsdorf akaujaza ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kwa tangazo lake. Tangazo halikusema kwamba kitufe hicho kilizuia maji pale tu mwenye saa alipokumbuka kukifunga. Saa inayojijaza yenyewe, ambayo Rolex iliitoa mwaka 1931, ilisaidia kwa sababu kitufe hakikuhitaji tena kuguswa kila asubuhi.

Omega nayo ilipita njia nyingine. Saa yake ya Marine ya mwaka 1932 iliingizwa ndani ya kasha la pili lililofunika hata kitufe, na mwaka 1936 ilishushwa mita 73 katika Ziwa Geneva bila kuingia maji.

Mfuniko wa nyuma ulipata dawa yake katika miaka ya 1950. Jeshi la Wanamaji la Ufaransa lilikuwa limeunda kikosi cha waogeleaji wa vita, na maofisa wake Robert Maloubier na Claude Riffaud walitafuta saa ya kufanyia kazi chini ya maji. Walimpata Jean-Jacques Fiechter wa kampuni ya Blancpain huko Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga mbizi na aliwahi kukaribia kuishiwa hewa baharini kwa kupoteza hesabu ya muda. Saa yake, Fifty Fathoms ya mwaka 1953, ilitumia oringi, yaani pete ya mpira ambayo Niels Christensen aliipatia hataza Marekani katika miaka ya 1930. Fiechter aligundua kwamba mfuniko wa hesi ukikazwa huburuta mpira na kuupinda, na mpira uliopinda hauzibi. Aliulaza mpira katika mfereji wake, kisha akaufunika kwa bamba jembamba la chuma, ili mfuniko uzunguke juu ya bamba na mpira ukae pale pale. Hadi leo, fundi asiye mwangalifu hukutana na tatizo hilohilo.

Umeme uliingia katika saa za mkononi mwaka 1957, kampuni ya Hamilton ya Marekani ilipouza saa ya kwanza inayotumia betri. Mageuzi yenyewe yalikuja tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, iliyopima muda kwa kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 8,192 kwa sekunde. Usahihi wake uliiacha mbali saa yoyote ya kamani. Kitufe sasa kiliguswa kwa nadra sana. Mfuniko wa nyuma, uliokuwa umetulia, ndio uliopata kazi mpya.

Seiko ilikuwa imeanza kulifikiria suala la mfuniko hata kabla ya betri. Mwaka 1968 mzamiaji mmoja wa mji wa Kure aliiandikia kampuni hiyo kwamba saa zake hazikuhimili mazingira ya kazi ya kina kirefu. Jibu lilitoka mwaka 1975: saa ya mita 600 iliyosanifiwa na Ikuo Tokunaga, yenye kasha la titani la kipande kimoja lisilo na mfuniko kabisa. Mitambo iliingizwa kwa mbele, na kioo kikazibwa kwa mpira wenye umbo la herufi L. Mwaka 1978 kasha la aina hiyo liliwekewa mitambo ya kwatsi. Betri ilipokwisha, fundi alilazimika kuanza kwa kuondoa kioo, kazi isiyofaa kufanyiwa kwenye meza ya mtaani.

Saa nyingi za kawaida zilibaki na mfuniko wa hesi. Mpira uliokaa miaka mitatu chini ya mfuniko huwa umebanwa ukawa bapa, na jasho lenye chumvi limekauka pembezoni. Ukirudishwa ulivyo haukai tena mahali pake pa awali. Mara nyingine mpira hauna kosa lolote. Unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kupitisha maji. Ndiyo maana viwanda vinaagiza mpira mpya, mfereji uliosafishwa, na grisi ya silikoni kidogo tu, kwani ikizidi hunasa vumbi. Betri yenyewe, kidonge cha oksidi ya fedha cha volti 1.55, ni sehemu nyepesi ya kazi yote.

Baada ya kufunga kunabaki kupima. Mashine ya upimaji mkavu huizungushia saa hewa yenye shinikizo na kusoma jinsi kasha linavyobonyea; kasha lisilobonyea linaonyesha hewa imeingia ndani. Katika upimaji wa maji, saa huning’inizwa juu ya maji ndani ya chombo kilichojazwa hewa kwa nguvu, kisha huzamishwa huku shinikizo likipunguzwa polepole. Mapovu yakitoka, tundu limejionyesha, na saa hutolewa haraka kabla maji hayajafuata njia ileile. Kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, kinadai asilimia 25 zaidi ya kina kilichoandikwa, hivyo saa ya mita 200 hupimwa kwa bar 25. Ila kipimo hicho hufanyika kiwandani. Namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa haisemi lolote kuhusu mfuniko uliofunguliwa jana.

Waundaji waliendelea kutafuta njia ya kufungua mara chache zaidi. Citizen ilitoa saa ya akrabu inayotumia mwanga wa jua mwaka 1976, na kuanzia miaka ya 1990 saa zake za Eco-Drive zikaipunguza sana haja ya kubadili betri. Kampuni ya Sinn ya Ujerumani ilijaza mafuta ndani ya kasha lenye mitambo ya kwatsi: mafuta hayabanwi kirahisi, kwa hiyo shinikizo la nje hukutana na shinikizo lilelile ndani. Saa ya kamani isingeweza kufanya hivyo, kwa kuwa gurudumu lake la mizani lingekwama. Watengenezaji wa kompyuta za kuzamia wakachagua njia tofauti kabisa. Betri hukaa katika chumba chake chenye kifuniko na oringi ya peke yake, naye mpiga mbizi huibadili mwenyewe kwa sarafu au bisibisi. Betri za kompyuta hizo mara nyingi huuzwa pamoja na oringi mpya katika pakiti moja.