Bukini wa Misri Katika Bustani za London

Wengi wetu tulio hapa London tumepita kando yake pale Hyde Park bila kumtambua. Si yule bata mweupe wa kufugwa, wala si bukini wa Kanada mwenye shingo nyeusi aliyezagaa kila bustani. Huyu ana rangi ya hudhurungi, miguu ya waridi, na doa la kahawia limezunguka jicho mithili ya miwani. Waliokulia kando ya Ziwa Naivasha au Ziwa Victoria watamjua mara moja. Ni bata bukini wa Misri, ingawa jina hilo linambania, kwani kwao ni kuanzia bonde la Nile mpaka Afrika Kusini. Wazee wetu nao hawakuwa tofauti: Bukini ni jina la kale la Kiswahili la Madagaska, kwa hiyo kila tusemapo bata bukini tunamtaja bata wa Madagaska, awe ametoka huko au la.

Amefikaje Uingereza? Aliletwa, hakuja kwa mbawa zake. Katika karne ya 17 mfalme Charles II alipenda sana ndege wa mbali, akawafuga katika bustani ya St James's. Barabara ya Birdcage Walk imepata jina lake kwa vizimba vya ndege wa kifalme, na wale mwari maarufu walianza na zawadi ya balozi wa Urusi mwaka 1664. Mfalme alithubutu hata kumpa mgeni wake Mfaransa, Saint-Évremond, cheo cha gavana wa Kisiwa cha Bata kilichomo bustanini, na mshahara juu. Ni katika karne hiyo hiyo bukini wa Misri alianza kufugwa nchini humu kama pambo. Baadaye matajiri wa mashambani, hasa mkoa wa Norfolk, wakamweka kwenye maziwa ya majumba yao. Wengine wakatoroka, wakajitafutia.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua wako wangapi, na hakuna aliyejali. Hesabu yenyewe ya ndege wa majini ilichelewa. Wawindaji na wahifadhi walibishana kama bata wa porini wanapungua, kila upande ukisema kwa kukisia. Mwaka 1946 Peter Scott, mchoraji aliyekuwa mwindaji hodari wa bukini kabla ya kuiacha bunduki, alianzisha kituo chake Slimbridge, kando ya mto Severn. Mwaka 1947 ikaanza hesabu ya taifa. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza na mgumu kuutimiza: watu wa kujitolea, kila mmoja na ziwa lake au ufuko wake, hutoka na darubini Jumapili moja iliyopangwa, mwezi baada ya mwezi wakati wa baridi. Wanahesabu siku moja kwa sababu bata akihama jioni asije akahesabiwa mara mbili. Thamani ya kazi hii haipo kwenye hesabu ya mwaka mmoja. Ipo katika kurudi pale pale, na mtu anayekuja baada yako naye akarudi pale pale.

Mwaka 1971 British Ornithologists' Union, chama kinachotunza orodha rasmi ya ndege wa nchi hii, kilimwingiza bukini wa Misri katika orodha hiyo. Hakuwekwa pamoja na wenyeji. Aliwekwa katika daraja la wale walioletwa na binadamu, ambao sasa wanazaana na kujitegemea. Karibu miaka 300 tangu aletwe! Tulio na ndugu waliosubiri karatasi zao hapa tunaweza kutabasamu kidogo.

Hata hapo hakuwa amestawi. Uchunguzi wa mwaka 1991 ulikuta hawafiki 1,000 nchi nzima, na karibu wote wako Norfolk. Sababu kubwa ni kalenda. Kwao Afrika ya Mashariki huweza kutaga karibu mwezi wowote, na huku pia hajali majira: huangua hata Januari, baridi ikiua vifaranga na kunguru wakimalizia. Lakini baada ya hapo alienea kusini, akajaa London, na mwanzoni mwa karne hii jozi zinazozaana zilikuwa zimepita 1,000.

Kuongezeka huko kukamletea jina jipya. Mwaka 2009 alitangazwa England kuwa mharibifu, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamtia katika orodha ya viumbe vamizi vya kigeni, orodha ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake hata baada ya kujitoa. Kwa upande mwingine upo mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, uliofikiwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kutumika 1999. Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza zote ni wanachama. Humo bukini wa Misri wa Afrika ameorodheshwa miongoni mwa ndege wa kutunzwa. Ndege ni yule yule, na serikali ni zile zile.

Sisi hatusemi kwamba sheria ya Ulaya ni ya uonevu. Bukini huyu ni mkali wakati wa kuzaa. Hufukuza ndege wengine na hushika matundu ya miti ambayo bundi angeyatumia. Tunalosema ni kwamba orodha zote mbili zinategemea hesabu, na hesabu hazilingani. Uingereza ina maelfu ya wahesabuji. Sensa ya ndege wa majini barani Afrika ilianza mwaka 1991 tu, na pale Kenya watu wa kujitolea hukusanyika Naivasha, Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Ziwa moja likikosa watu au nauli, mwaka huo huacha pengo ambalo halizibiki tena.

Hesabu hizo mbili hukutana Januari, mwezi wa sensa ya kimataifa. Wakati wa Naivasha wakipanda mitumbwi, wa hapa huwa Barnes, magharibi mwa London, kwenye mabwawa ya zamani ya maji ya kunywa yaliyogeuzwa ardhioevu na kufunguliwa mwaka 2000. Anayetaka kumwona mwenyewe si lazima aende mbali. Azunguke Serpentine asubuhi, atazame juu kwenye mashimo ya miti mikubwa. Dume huzomea kwa sauti ya chini, jike ndilo lenye makelele.