Mwili Haukunenepa Peke Yake

Mwanamke wa Mlingotini anayepanga safari ya hospitali ya Mloganzila kuulizia upasuaji wa kupunguza uzito huwa na swali moja kubwa: nitapungua kilo ngapi? Ni swali la haki. Lakini ukifuatilia historia ya unene katika pwani hii ya Bagamoyo, kisha ukafuatilia historia ya upasuaji wenyewe, ambao sasa umevuka miaka 70, utaona kwamba kuna swali linalopaswa kulitangulia. Unene wa mtu hujengwa na nyumba anayokula, kazi anayofanya na soko analonunua. Kisu hugusa tumbo lake peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kilo, mgonjwa anapaswa kujua ataishi vipi na tumbo jipya katika nyumba ileile, na ni nani atakuwa naye miaka 10 baada ya mshono kupona. Nashikilia hoja hii kwa sababu historia zote mbili zinaishuhudia.

Tuanze na unene. Kwa vizazi vingi, watu wa pwani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo waliuona mwili mnene kuwa ushahidi wa kutunzwa. Binti wa Kizaramo akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Hakutumwa kisimani wala shambani, jua halikumpata, alilishwa vizuri na kufundwa na wakubwa wake, na siku ya kutolewa nje mwili wake uliojaa ulisifiwa mbele ya watu. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960, aliziandika mila hizo kwa kina katika kitabu chake cha 1970 kuhusu ibada na ishara za Wazaramo. Kabla yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwisha kueleza unyago, harusi, maradhi na uganga wa watu wake katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Atakayesema kwamba watu wa zamani walipenda unene kwa ujinga akumbuke jinsi njaa ilivyokuwa karibu. Nzige na ukame wa 1894 na 1895 viliacha njaa kali Uzaramo na sehemu nyingi za kaskazini mashariki. Ukame wa miaka ya 1970 ukaleta foleni za unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Palipo na njaa ya namna hiyo, mwili wenye akiba ni bima. Kumnenepesha binti aliyekaribia kuolewa na kuzaa ilikuwa hesabu ya busara kwa wakati wake, na waliopiga hesabu hiyo walikuwa ukoo mzima.

Kisha mambo mawili yakatokea karibu wakati mmoja. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kukonda kukawa jambo la kutia shaka. Mtu aliyepungua kilo chache alianza kunong'onwa. Wapo walioogopa kupungua kuliko walivyoogopa presha. Wakati huohuo, baada ya uhaba mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, milango ya biashara ilifunguliwa, na sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano na soda vikaanza kupatikana hata katika maduka madogo ya vijijini. Baadaye bodaboda zikachukua nafasi ya mwendo wa miguu kutoka kijijini hadi barabara kuu. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zinaonyesha matokeo yake: mwaka 1991 na 1992, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 11 kwa kila 100, kufikia 2015 na 2016 wakawa 28, na utafiti wa 2022 ukakuta idadi hiyo imevuka 30. Maumbile ya binadamu hayabadiliki ndani ya miaka 30. Kilichobadilika ni chakula, mwendo na kazi. Ndiyo maana lawama anayotupiwa mtu mnene, kwamba ni mvivu au mlafi, haina msingi katika historia ya mahali hapa.

Mtu anaweza kupinga kwa kuitazama Mlingotini yenyewe. Kijiji hiki cha jirani na Mbegani kina wanawake wanaolima mwani, kilimo kilichoingia pwani ya bara katika miaka ya 1990 baada ya kustawi Zanzibar. Maji yakipwa wakati wa bamvua, mkulima huingia baharini akiwa ameinama, hukaza vigingi, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, na wakati wa mavuno hutoka na mzigo unaochuruzika maji ya chumvi. Inakuwaje mwenye kazi kama hiyo anenepe? Jibu ni kwamba kazi hiyo inafuata mwezi, na chakula hakiufuati. Bamvua likipita, siku zinakuja za kukaa nchi kavu, huku vitumbua na chai ya sukari asubuhi na wali wa nazi jioni vikibaki vilevile. Isitoshe, sayansi ya sasa inaonyesha kwamba mwili uliokwisha kunenepa hujitetea: mtu akipunguza chakula, njaa huongezeka na mwili hupunguza matumizi yake ya nguvu. Hilo ndilo linalowafanya wengi wapungue kwa miezi michache kisha warudi walikotoka, na ndilo lililowasukuma madaktari kutafuta njia ya upasuaji.

Historia ya njia hiyo inafundisha kwa makosa yake. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota, Marekani, Kremen na wenzake, walieleza upasuaji wa kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda kweli. Lakini wengi waliharisha bila kikomo, wakapata mawe ya figo na maumivu ya viungo, na baadhi yao ini liliharibika hadi kufa. Kufikia miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu puto la kwanza la kuwekwa tumboni, na kabla ya muongo huo kwisha likaondolewa, kwa kuwa lilileta vidonda na kuziba utumbo, na majaribio yakaonyesha kwamba halikuwa bora kuliko mpangilio wa chakula peke yake. Njia zote mbili zilipendwa kwa sababu moja, nayo ni kilo zilizopungua haraka. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwa uzito wa kutosha nini kingetokea baadaye.

Njia zilizodumu zilitokana na uangalifu zaidi. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walibaki wembamba, na mwaka 1966 akaanza kutengeneza kifuko kidogo kwenye sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo. Mwaka 1994 upasuaji huo ukaanza kufanywa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote. Baadaye likaenea tendo linalofanywa zaidi leo, la kuondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi na kubakiza bomba jembamba. Ushahidi mkubwa wa manufaa ulitoka Sweden, ambako utafiti ulioanza 1987 uliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu waliopasuliwa na nusu waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo ya 2007 yalionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache zaidi. Lakini utafiti huohuo una takwimu ambayo kila mgonjwa anapaswa kuijua: waliotengenezewa njia ya mkato ya Mason, yaani kile kifuko kilichounganishwa na utumbo, walipungua wastani wa asilimia 32 ya uzito ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kufikia mwaka wa 10 walibaki wamepungua asilimia 25. Faida ni kubwa na inadumu, ila sehemu yake hurudi. Anayeahidiwa kwamba hatanenepa tena maishani anadanganywa.

Huduma hii imetufikia kwa njia yenye mizizi Bagamoyo. Sewa Haji, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya Bagamoyo, alitoa fedha katika miaka ya 1890 kwa ajili ya hospitali mjini humo na nyingine Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ndiyo chimbuko la hospitali ya Muhimbili, na jengo la Sewahaji bado linabeba jina lake. Tawi lake la Mloganzila lilizinduliwa 2017, na tangu 2022 limekuwa likiweka puto la kupunguza uzito, kisha upasuaji wa kupunguza tumbo ukafuata. Puto la leo ni bora kuliko lile la 1985: huingizwa kwa mdomo bila kupasua, hujazwa maji ya chumvi, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi sita hivi. Siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida. Likishatolewa, asiyekuwa amebadili ulaji hurudia uzito wake. Upasuaji una vigezo vyake, navyo hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI. Kwa miaka 30 kipimo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilishusha hadi 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi yanayofanana nacho. Kwa mwanamke wa urefu wa sentimita 160, 35 ni kama kilo 90. Asiyefika huko hana sababu ya kuingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya umbo.

Sasa tufike nyumbani, ambako hoja yangu inapimwa. Hatari za siku za kwanza, yaani mshono kuvuja, damu kutoka au kuganda, ni chache mikononi mwa wataalamu, ingawa zinaweza kuua. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo baada ya kuruhusiwa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, wala si ya kwenda dukani kununua panadol. Baada ya hapo kuna maisha yote. Mgonjwa atakula kidogo kidogo, samaki, mayai au maharage kwanza na wali mwishoni, na maji atakunywa mbali na chakula. Sinia la watu sita, ambapo kila mkono unamhimiza mwenzake ale, haliwezi kuwa mahali pake pa kula kwa miezi mingi. Atameza vitamini na madini kila siku hadi mwisho wa maisha yake, na damu yake itapimwa kila mwaka, maana ukosefu wa vitamini B12, chuma na kalsiamu huja taratibu bila kupiga hodi. Dawa za kisukari na presha zitarekebishwa mapema, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla. Aliyeunganishwa utumbo ajiepushe na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo humletea vidonda. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na hilo linahitaji mpango hasa, kwa kuwa uzazi huamka uzito unapopungua. Kwa Ramadhani amwulize daktari kabla, na akiruhusiwa kufunga asianze futari kwa vinywaji vyenye sukari nyingi, ambavyo vinaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuingilia kazi ya Mungu. Lakini kutibu maradhi kumekubaliwa na dini zetu siku zote, na kisukari kinachokula figo na macho ni maradhi. Wengine watasema ni anasa ya wenye fedha. Ni kweli kwamba gharama ni kubwa, na mgonjwa aulize mapema bima yake inalipa nini, vidonge vya baadaye vikiwemo. Hata hivyo kusafisha figo mara tatu kwa wiki nako ni gharama, na familia huibeba kwa miaka. Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa sindano mpya za kupunguza uzito zilizoidhinishwa Marekani tangu 2021. Zinafanya kazi na zitawafaa wengi. Ila jaribio lililowafuatilia watu walioziacha lilikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili za kilo walizopoteza. Nazo zinatufikisha palepale: hakuna tiba ya unene inayokwisha siku ya kutoka hospitali.

Kwa hiyo mwenye kuzingatia upasuaji huu aingie kwa daktari pamoja na yule anayepika nyumbani kwake, mume, mama au dada, na wote wasikie masharti. Aulize daktari amefanya tendo hilo mara ngapi, nani atampokea akipata homa usiku Bagamoyo, atapimwa damu wapi kila mwaka, na vidonge vitapatikana duka gani la dawa. Hospitali nazo zina deni la kupeleka ufuatiliaji karibu na vijiji, kwa sababu mgonjwa wa Mlingotini asiyemudu nauli ya kurudi kliniki ameachiwa nusu ya tiba. Ukoo uliowahi kujua kumtunza mwali ili anenepe una uwezo wa kumtunza aliyepasuliwa ili abaki na afya, na bila utunzaji huo ni heri upasuaji usubiri.